Homa Imeisha, Miguu Imegoma: Jinsi ya Kumrudishia Mzee Misuli Baada ya Ugonjwa

Swali linakuja kwa sura nyingi, lakini ni lile lile. Mama alilazwa siku kumi kwa nimonia, amepona, amerudi nyumbani, ila hawezi kunyanyuka kwenye kochi bila kushikwa mkono. Baba alifanyiwa upasuaji wa tezi dume, kidonda kimefunga vizuri, lakini mapaja yamekonda mpaka suruali zinamvuka. Bibi alimzika mumewe, akawa hali vizuri mwezi mzima, na sasa anatembea kwa kushika ukuta. Mwisho wa kila swali kuna maneno haya: "Au ni uzee tu?"

Uzee umo, lakini si uzee peke yake. Hakuna anayezeeka miaka kumi ndani ya wiki mbili. Kilichotokea kina sababu inayojulikana, na sehemu kubwa yake inarudishika, mradi muanze mapema na muache mambo mawili ambayo familia nyingi huyafanya kwa mapenzi mema kabisa: kumlaza mgonjwa na kumnywesha uji.

Kinachokula misuli

Nitasema kwa kifupi, maana hamkuniuliza somo la baiolojia. Mwili ukipata msukosuko, iwe homa kali, jeraha, upasuaji au hata msiba, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga homoni iitwayo kotisoli. Kazi yake ni ya dharura: kuhakikisha ubongo, moyo na kinga havikosi nishati. Ghala inalolifungua ni misuli. Protini ya misuli huvunjwa, na sehemu yake hugeuzwa na ini kuwa sukari. Kijana hujaza tena kilichochotwa. Mzee hukwama, kwa sababu hizi:

- Kotisoli yake haishuki upesi. Kwa kijana hushuka sana jioni na usiku. Umri ukisogea, ile ya usiku hubaki juu zaidi, na baada ya mshtuko huchelewa kurudi chini.
- Misuli yake imekuwa sugu kwa chakula. Ili mlo mmoja uamshe ujenzi wa misuli, kijana anahitaji kama gramu 0.24 za protini kwa kila kilo ya uzito wake. Mzee anahitaji karibu gramu 0.4.
- Alianza akiwa na akiba ndogo, kwa kuwa misuli huanza kupungua taratibu kuanzia utu uzima wa kati, hata kwa mtu mwenye afya.

Kisha kuna kitanda. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wazee wachache wenye afya njema waliokubali kulala kitandani siku 10. Kila mmoja alipoteza, kwa wastani, karibu kilo moja ya misuli ya miguu, na hawakuwa wagonjwa. Utafiti mwingine ulihusu vijana waliolala siku 28. Waliopewa pia kotisoli, hiyo homoni ya msongo, walipoteza misuli ya miguu karibu mara tatu ya wenzao waliolala tu. Sasa chukua mtu wa miaka 75, mtie homa, mlaze wiki mbili, na umpe uji mweupe.

Pima kabla ya kuanza

Usitegemee macho, na mizani usiiamini sana. Mzee anaweza kubaki na uzito ule ule huku misuli ikipungua na maji yakijaa miguuni. Vipimo vitatu vinatosha, na vyote vinafanyika sebuleni:

1. Kiti. Akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara tano mfululizo. Akizidi sekunde 15, au akishindwa bila kutumia mikono, nguvu za miguu zimeshuka.
2. Mita nne. Pima sakafuni, mwambie atembee mwendo wake wa kawaida. Ikimchukua zaidi ya sekunde 5, mwendo umepungua kiasi cha kutia wasiwasi.
3. Shavu la mguu. Chukua futi ya fundi cherehani, izungushe sehemu nene kuliko zote ya shavu hilo, mzee akiwa amekaa. Chini ya sentimita 31 ni dalili ya misuli kidogo. Miguu ikiwa imevimba, kipimo hiki kiache, kitakudanganya.

Andika namba na tarehe kwenye daftari. Bila daftari, baada ya wiki sita familia itabaki kubishana kama mzee ana nafuu au la, na atakayeshinda ni mwenye sauti kubwa.

Kosa la kawaida hapa ni kumpima akiwa na njaa, amechoka, au mbele ya wageni. Mpime asubuhi baada ya chai, na mtu mmoja asimame karibu naye tayari kumdaka.

Protini kiasi gani?

Kiwango cha zamani kilikuwa gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa watu wazima wote bila kujali umri. Mwaka 2013 jopo la kimataifa la wataalamu wa afya ya wazee lilipendekeza kiwango kipandishwe:

- Mzee mwenye afya: gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo.
- Mzee mgonjwa, au anayetoka kwenye ugonjwa: gramu 1.2 hadi 1.5.
- Mwenye ugonjwa mkali sana au majeraha makubwa: hadi gramu 2.0, chini ya uangalizi wa hospitali.

Mama wa kilo 60 anayetoka kwenye nimonia anahitaji basi kati ya gramu 72 na 90 kwa siku. Nusu ya wanaosoma hapa wataona ni nyingi mno. Si nyingi, ila haziji zenyewe, na haziji kwa mlo mmoja mkubwa. Zigawe: kama gramu 25 asubuhi, 25 mchana, 25 usiku, na kidogo katikati. Mzee anayekunywa chai na mkate asubuhi, akala ugali na mchicha mchana, kisha akawekewa pande kubwa la nyama usiku kwa kuwa baba wa nyumba amerudi, misuli yake imepata mlo mmoja tu wa maana siku nzima.

Hizi ni namba za kukariri, zote za makadirio:

- Yai moja: gramu 6
- Glasi ya maziwa au mtindi: 8
- Nyama au kuku aliyepikwa, kipande cha gramu 100, ukubwa wa kiganja bila vidole: 25 hadi 30
- Samaki aliyepikwa, kiasi hicho hicho: 20 hadi 25
- Unga wa dagaa, vijiko viwili vya chakula vilivyojaa: 10
- Maharage au choroko zilizopikwa, kikombe kimoja: 15
- Karanga za kiganja kimoja: 7
- Uji mweupe wa mahindi, kikombe: haufiki 4

Siku nzima inaweza kuwa hivi. Asubuhi mayai mawili, glasi ya maziwa, na uji uliokorogewa vijiko viwili vya siagi ya karanga. Mchana samaki, nusu kikombe cha maharage na ugali kiasi anachotaka. Saa kumi jioni mtindi. Usiku nyama ya kusaga au kuku aliyechambuliwa, wali na choroko. Jumlisha mwenyewe, utaifikia 90 na ushee.

Na hela je? Nyama si lazima. Dagaa, mayai na maharage vinaweza kubeba sehemu kubwa ya kazi hii kwa bei nafuu zaidi katika masoko mengi. Vyakula vya jamii ya maharage vina protini ambayo mwili wa mzee huitumia kwa ufanisi mdogo kidogo, kwa hiyo viongezwe kwenye sahani na viambatane na nafaka, au vitiwe dagaa. Dagaa wakaushe vizuri, wasage, chekecha, weka kwenye kopo lenye mfuniko. Mwenye shinikizo la damu, wale wa chumvi waloweke kwanza na umwage maji.

Uji, supu na makongoro

Sina ugomvi na uji. Ni mwepesi, unateremka, na mgonjwa asiyeweza kutafuna anaokolewa nao. Shida ni pale unapokuwa chakula chenyewe badala ya kibebeo. Uji wa mgonjwa uwe na kitu ndani: maziwa badala ya maji, yai lililopigwa na kuchemkia humo humo, siagi ya karanga, unga wa dagaa kwa wanaoweza ladha yake.

Kuna ule unga wa lishe wa nafaka saba au tisa, unaosagwa mfuko mzima ukakaa miezi. Kuongeza idadi ya nafaka hakuongezi protini kwa kiasi tunachodhani, na karanga au mahindi yaliyoguswa na unyevu huota ukungu wenye sumukuvu. Watu walikufa kwa sumu hiyo Ukambani, Kenya, mwaka 2004, na Dodoma na Manyara mwaka 2016. Saga kidogo kidogo, chambua karanga moja moja, na iliyokunjamana au kubadilika rangi itupe.

Supu nayo. Mgonjwa anapewa mchuzi, nyama wanakula watoto, kwa imani kwamba "nguvu yote imo kwenye supu". Kilichomo kwenye mchuzi ni chumvi, mafuta, ladha na protini chache. Nyama iliyobaki ndiyo dawa: isage, ichambue nyuzi nyuzi, au iponde kwenye kinu na uirudishe kwenye supu yake. Makongoro yana protini, lakini nyingi ni ya ngozi na kano, isiyo na mchanganyiko unaohitajika kujenga misuli. Anywe akipenda, ila usimhesabie.

"Hana hamu ya kula"

Hapa ndipo mipango mingi hufia. Kabla ya kumlaumu mzee, kagua haya kwa mpangilio huu:

- Meno. Anatafuna upande mmoja? Meno ya bandia yamelegea baada ya kukonda? Midomo ina vidonda au utando mweupe?
- Dawa. Baadhi huleta kichefuchefu au ladha ya chuma mdomoni. Muulize mfamasia, usizikatishe mwenyewe.
- Choo. Mzee mwenye tumbo gumu siku nne hali.
- Huzuni. Mjane anayekula peke yake hula nusu ya chakula. Kaa naye, kula naye sahani moja kama mlivyozoea.

Baada ya hapo, badili utaratibu. Aanze na protini, wanga ufuate: yai kabla ya mkate, samaki kabla ya ugali. Mpe kidogo mara tano au sita badala ya sahani tatu za kutisha. Chai na maji zisitangulie mlo, zinajaza tumbo. Na asinywe soda "ya kuongeza nguvu", nafasi hiyo ni ya mtindi.

Onyo moja zito. Mtu aliyekaa siku tano au zaidi bila kula karibu chochote asirundikiwe chakula siku ya kwanza. Chumvichumvi za damu zinaweza kushuka ghafla na kuudhuru moyo. Huyo aanzishiwe kidogo kidogo, hospitali ikijua.

Kumsimamisha

Protini bila kazi haijengi mguu. Hilo ndilo linalopingwa zaidi, kwa sababu linaonekana ukatili. "Daktari kasema apumzike." Muulize tena daktari maana yake. Mara nyingi alimaanisha asiende shamba, asibebe ndoo, asipande bodaboda. Hakumaanisha asitoke kitandani. Kwa waliofanyiwa upasuaji wa nyonga, tumbo au moyo, mipaka ya kukanyaga na kunyanyua iwekwe na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia. Muulize kabla ya kuruhusiwa, mkiwa bado wodini.

Siku za kitandani:
- Akalie ukingo wa kitanda kila mlo, miguu ikigusa chini. Asilishwe amelala, anaweza kupaliwa chakula kikaingia kwenye mapafu.
- Akaze mapaja akihesabu hadi tano, aachie. Mara kumi, kila baada ya saa chache.
- Aende chooni kwa miguu kama anaweza, hata kwa kushikwa. Siku mnaponunua chombo cha kujisaidia kitandani kwa ajili ya urahisi wenu, mmemnyang'anya safari zake tano za siku.

Akishaweza kusimama:
- Simama-keti, mara tano, pumzika, rudia. Asubuhi, mchana, jioni. Mikono itumike mwanzoni, kisha mkono mmoja, kisha bila mikono.
- Kunyanyua visigino akishika meza nzito, mara kumi.
- Kunyanyua chupa ya maji ya nusu lita kila mkono, hadi usawa wa bega.
- Kutembea uani, kuongeza hatua chache kila siku.

Kiti kiwe kizito na kiegemee ukuta. Vile vya plastiki kwenye sakafu ya vigae huteleza na kuvunja nyonga. Kandambili zilizolika tupa. Mkeka unaokunjika pembeni uondoe njiani, na taa ya njia ya chooni iwake usiku kucha.

Zoezi likizoeleka liongezwe: kiti kifupi zaidi, chupa ya lita moja, marudio mengi. Hapa familia nyingi hukwama, wanabaki na mazoezi yale yale mepesi miezi mitatu. Mzee amalize akiwa amechoka kidogo, bado anaweza kuongea. Kisha mpe maziwa.

Mnaosema "ana miaka 88, wa nini kumsumbua", chukueni hili. Mwaka 1990 watafiti wa Boston walichapisha matokeo ya wazee dhaifu wa nyumba ya kulelea, wastani wa umri wao miaka 90, waliofanya mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu wiki nane. Nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174.

Vidonge vya kunenepesha

Ninyi hamkuliuliza hili, lakini limejificha nyuma ya maswali mengi. Prednisoloni na deksamethasoni ni ndugu wa kotisoli, waliotengenezwa wakiwa na nguvu zaidi. Hospitalini huokoa maisha: pumu kali, magonjwa ya kinga, baadhi ya maambukizi. Mtaani watu hununua duka la dawa bila cheti kwa ajili ya maumivu ya viungo, au ili "mwili urudi". Hamu ya kula inakuja, uso unajaa, majirani wanasifu. Chini ya nguo, mapaja na mabega yanakonda, maana dawa inafanya kazi ile ile ya homoni ya msongo. Mzee anaonekana kanenepa na hawezi kusimama.

Kuwa na shaka pia na dawa ya asili inayomaliza maumivu ya magoti kwa usiku mmoja. Mitishamba ya aina hiyo imewahi kukutwa imechanganywa na dawa za jamii hii, yaani steroidi.

Ukigundua mzee amezitumia kwa wiki kadhaa, usizikatishe ghafla. Tezi zake zimelala. Akikosa dawa kwa mpigo anaweza kuanguka, shinikizo la damu likashuka vibaya. Mpeleke kwa daktari na pakiti mkononi, zipunguzwe hatua kwa hatua. Anayezitumia kwa maelekezo halali aendelee, ila protini na mazoezi vifuatiliwe kwa umakini maradufu.

"Lakini yeye ana..."

*Figo.* Pingamizi hili ni la kweli. Mwenye figo zilizoshindwa ambaye bado hajaanza kusafishwa damu asifuate namba zangu. Apangiwe na daktari wake. Aliyeanza kusafishwa damu huhitaji protini zaidi, si pungufu, na wengi hawaambiwi. Asiye na ugonjwa wa figo hana sababu ya kuogopa yai.

*Gauti.* Apunguze nyama nyekundu, maini, dagaa na pombe. Mayai, maziwa na mtindi ni rafiki zake.

*Kisukari.* Msongo wa ugonjwa hupandisha sukari, na familia hujibu kwa kumnyima chakula. Punguzeni wanga, si protini. Na sukari ipimwe mara nyingi zaidi kipindi hiki, kwa sababu dozi ya zamani huenda haifai tena.

*Ramadhani.* Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, na mzee asiyeweza hutoa fidia. Akiruhusiwa na daktari na mwenyewe akashikilia, futari isiwe muhogo, tambi na kaimati tupu. Samaki au mayai yawe mezani, mtindi kabla ya kulala, na daku asiiruke.

Usisubiri, mpeleke

- Mguu mmoja umevimba na unauma, au pumzi inakata ghafla.
- Udhaifu wa upande mmoja, mdomo kupinda, maneno kukwama.
- Anachanganyikiwa tangu jana, hata kama hana homa.
- Anapaliwa kila anapomeza.
- Kikohozi kimezidi wiki mbili, anatokwa jasho usiku, anaendelea kukonda ingawa anakula. Apimwe kifua kikuu.
- Ameanguka, na hataki kukanyaga.

Hadi lini?

Wiki mbili za kwanza msitarajie shavu la mguu kuongezeka. Kinachotangulia ni nguvu: sekunde za kwenye kiti hupungua kabla ya nyama kuonekana. Rudia vipimo kila baada ya wiki mbili, siku ile ile, kiti kile kile. Ikifika wiki ya sita na namba hazijasogea kabisa, kuna kitu: hali kiasi mlichopanga, mazoezi hayafanyiki mkiwa kazini, au kuna ugonjwa ambao haujapatikana. Fuatilieni kwa mpangilio huo, na cha kwanza muulizeni dada wa kazi, ndiye anayejua sahani inarudi jikoni na nini.

Akifika anapoweza kusimama mara tano ndani ya sekunde 15, protini irudi kwenye kiwango cha mzee mwenye afya, na mazoezi ya nguvu yabaki angalau mara mbili kwa wiki. Daftari msilitupe. Homa nyingine ikija, mtaanza siku ya kwanza, si baada ya mwezi.